Jozi na Ukimya: Ufundi wa Tamathali katika Ushairi wa Kale wa Kichina

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa fasihi huyakuta mara kwa mara katika karatasi za mtihani ni lile limwagizalo mtahiniwa kutaja tamathali za usemi zilizotumika katika shairi na kutoa mfano wa kila moja. Mwanafunzi hodari huliweza swali hilo upesi. Huchomoa tashbihi hapa, sitiari pale, takriri mbili na tashihisi moja, akazipanga kama mwenye duka apangavyo bidhaa rafuni, kisha akapata alama zake. Lakini akiulizwa tamathali hizo zimelifanyia nini shairi, hunyamaza.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kwa kupitia ushairi ulio mbali nasi, yaani ushairi wa kale wa Kichina, na hasa ule wa enzi ya Tang (618–907). Ushairi huo ni bahari. Mkusanyo mkuu wa mashairi ya Tang, ulioamriwa na mfalme Kangxi mwaka 1705, una mashairi karibu 49,000 ya washairi zaidi ya 2,200. Tena ni ushairi uliofungwa kwa kanuni nyingi na kali. Hata hivyo wahakiki wake wakubwa hawakuridhika kuhesabu tamathali. Waliuliza kila mara: tamathali hii yafanya kazi gani, nayo imeipita nyenzake kwa nini?

Dai letu ni kwamba ufundi wa ushairi huo haukai zaidi katika neno lililopambwa, bali katika nafasi iliyo baina ya vitu viwili vilivyowekwa pamoja. Mshairi huweka kitu hiki na kitu kile, kisha akanyamaza. Msomaji aujazaye ukimya huo kwa haraka, awe mwalimu, mfafanuzi au mfasiri, hulizima shairi akidhani kuwa amelieleza.

Njia tatu za kale

Kitabu kikongwe kabisa cha ushairi wa Kichina ni Shijing, mkusanyo wa mashairi 305 yaliyotungwa tangu karibu karne ya 11 hadi karne ya 7 kabla ya Kristo. Katika enzi ya Han uliandikwa utangulizi mashuhuri wa kitabu hicho, ambao wataja misingi sita ya ushairi. Mitatu kati ya hiyo yahusu namna ya kusema. Wa kwanza huitwa fu, maana yake kueleza jambo waziwazi lilivyo. Wa pili ni bi, kulinganisha, nao unakaribiana na tashbihi na sitiari zetu. Wa tatu ni xing, na huo ndio uliowasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Xing ni kuamsha. Mshairi huanza kwa kutaja kitu kingine, mara nyingi mmea, ndege au maji, kisha akageukia jambo analotaka kuliimba. Hasemi kwamba hili ni kama lile. Shairi la kwanza kabisa katika Shijing laanza kwa ndege waliao katika kisiwa cha mto, halafu laingia katika habari za kijana amtamaniye msichana. Ndege na msichana wana uhusiano gani? Shairi halisemi. Wafafanuzi wa shule ya Mao hawakuweza kuvumilia ukimya huo. Wakaeleza kwamba shairi zima lasifu wema wa malkia. Karne nyingi baadaye, mwanafalsafa Zhu Xi (1130–1200) aliirudisha xing katika maana nyepesi zaidi: ni kutaja kwanza kitu kingine ili kuliinua jambo litakaloimbwa.

Tazama, basi, kwamba maradhi ya kujaza kila pengo hayakuletwa na wageni. Yalianza nyumbani kwa ushairi wenyewe, na kwa watu waliojua lugha yake. Tofauti kati ya bi na xing ni somo kubwa kwa mwalimu. Katika bi, mshairi anatupa daraja. Katika xing, anatuonyesha kingo mbili za mto na kutuacha tuvuke wenyewe.

Sheria ya jozi

Lugha ya Kichina cha kale iliufaa sana ushairi wa namna hiyo. Maneno yake mengi yalikuwa ya silabi moja, kitenzi hakikubeba nafsi wala njeo, na nomino haikuonyesha umoja wala wingi. Juu ya hayo, kila silabi ilikuwa na toni yake. Wanafunzi wetu wa pwani huenda wakaona toni kuwa jambo geni, maana Kiswahili hakina. Lakini mwanafunzi aliyelelewa kwa Kinyarwanda au Kirundi analijua tangu kifuani pa mama yake: neno lililoandikwa inda laweza kuwa tumbo au laweza kuwa chawa, kwa kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Mwalimu wa Kigali au Bujumbura aelezapo toni za Kichina, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Mwishoni mwa karne ya 5, Shen Yue (441–513) na wenzake walizichunguza toni nne za lugha yao na kuzifanya kuwa msingi wa arudhi. Baadaye toni hizo ziligawanywa mafungu mawili: ile moja iliyo tambarare, na zile tatu zilizopinda. Kutokana na mgawanyo huo lilizaliwa shairi la kanuni liitwalo lüshi, ambalo lilikamilika katika enzi ya Tang. Lina mishororo minane. Kila mshororo una silabi tano, au kila mmoja una saba. Kina hukaa mwisho wa mishororo ya shufwa. Toni za mahali maalumu katika mshororo mmoja hujibiwa na toni za fungu la pili katika mshororo mwenziwe. Na mishororo ya tatu na ya nne, kisha ya tano na ya sita, lazima iwe jozi kamili: nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi, rangi kwa rangi, hesabu kwa hesabu.

Ili msomaji aone sheria hiyo ikitenda kazi, natunga hapa mfano mdogo kwa lugha yetu, kwa mizani 16:

Mashua ya mvuvi yarudi pamoja na mwezi;
mlango wa mjane wafungwa pamoja na jua.

Mashua imepewa mlango, mvuvi amepewa mjane, kurudi kumepewa kufungwa, na mwezi umepewa jua. Katika lüshi hata maneno "pamoja na" yasingerudiwa, kwa kuwa jozi hiyo huepuka neno lile lile mahali pale pale. Lakini kiini chake kinaonekana. Hakuna neno lisemalo kwamba mumewe mjane alikuwa mvuvi, wala kwamba bahari ilimchukua. Msomaji ndiye aletaye habari hiyo, naye huileta kwa sababu mishororo miwili imekaa bega kwa bega. Mwanafunzi atafutaye tashbihi humo hatapata hata moja, wala hatapata sitiari. Akijibu kwamba "shairi hili halina tamathali", atakuwa amekosa kitu chenyewe.

Mhakiki aliyeieleza jozi vizuri kuliko wote wa zamani ni Liu Xie, aliyeandika kitabu cha Wenxin diaolong karibu mwaka 500. Kitabu hicho kina sura 50, na moja imehusu usambamba peke yake. Liu Xie aona kwamba maumbile yenyewe huvipa viumbe viungo viwili viwili, na kwa hiyo maneno nayo huelekea kutafuta wenzi. Kisha agawa jozi katika aina nne. Ziko jozi za maneno matupu na jozi za matukio. Ziko jozi za mambo yanayopingana na jozi za mambo yanayofanana. Hakuishia katika kugawa, bali alitoa hukumu. Jozi ya maneno matupu, asema, ni rahisi, na jozi ya matukio ni ngumu. Jozi ya mambo yanayopingana ndiyo bora, na ile ya mambo yanayofanana ndiyo duni. Aliwakosoa hata washairi wenye sifa kwa kusema jambo moja mara mbili katika mishororo miwili. Jozi isiyolingana kwa thamani aliifananisha na gari lililofungwa farasi bora upande mmoja na farasi dhaifu upande wa pili.

Je, hukumu hiyo ni ya Wachina tu? Hebu tuipime kwa methali yetu: mchumia juani hulia kivulini. Jua lapambana na kivuli, kuchuma kwapambana na kula, na katikati ya mapambano hayo yamekaa maisha mazima ya mtu wa kazi. Sasa mtu angesema, "mchumia juani hutafuta kwenye joto." Jozi ingekuwapo, lakini methali isingekuwapo. Liu Xie angeielewa methali hiyo bila shida, na angeiweka katika daraja la juu.

Shairi la mwaka 757

Mfano mkubwa wa yote tuliyoyasema ni shairi la Du Fu (712–770), ambaye vitabu vya zamani humwandika Tu Fu. Jina la shairi ni Chunwang, yaani tazamo la majira ya kuchipua. Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi. Mwaka 756 waasi waliuteka mji mkuu wa Chang'an, na Du Fu akazuiliwa humo, mbali na mkewe na watoto wake. Shairi hilo alilitunga mwaka 757, majira yalipogeuka na miti ikaanza kuchipua kama kawaida.

Lina mishororo minane yenye silabi tano tano, jumla silabi 40. Mwanzoni dola iliyovunjika imewekwa kando ya milima na mito ambayo haikuvunjika, na mji umewekwa kando ya mimea iliyositawi ndani yake. Hakuna kilio wala laana kwa waasi. Mwanahistoria Sima Guang (1019–1086) alilisoma shairi hili kwa jicho ambalo kila mwalimu angelitamani. Alieleza kwamba mshairi akisema milima na mito imebaki, ndipo tujue kwamba hakuna kingine kilichobaki. Na akisema nyasi na miti imesitawi mjini, ndipo tujue kwamba watu hawapo. Huo ndio uhakiki. Sima Guang hakutaja jina la tamathali hata moja, bali alionyesha kile ambacho jozi imekisema kwa kutokisema.

Katika jozi ya pili yatajwa maua na machozi, ndege na mshtuko wa moyo. Nani atokwaye na machozi? Kichina hakisemi. Huenda ni mshairi alipoyaona maua; huenda ni maua yenyewe, yenye umande, yakilia kwa ajili ya nyakati. Wasomaji wamebishana kwa karne nyingi, na shairi limewaruhusu. Katika jozi ya tatu, moto wa vita uliodumu miezi mingi umewekwa sambamba na thamani ya barua moja itokayo nyumbani, nayo thamani hiyo imetiwa chuku kubwa ya dhahabu. Chuku hiyo haikukaa pale kwa ajili ya pambo. Ni mizani: upande mmoja wa mizani iko vita, upande wa pili iko karatasi. Katika nchi zetu wako wanafunzi walioijua vita si kwa kuisoma, na wako waliongoja habari za jamaa zao kwa miezi. Hao hawahitaji kuambiwa kwamba hapa pametumika mubaalagha. Huenda wao ndio wanaoweza kumweleza mwalimu kwa nini hiyo si mubaalagha hata kidogo.

Mwishoni jozi yaachwa. Mishororo miwili ya mwisho yamwonyesha mzee akikuna nywele zake nyeupe, zilizopungua hata haziwezi kushika kishikizo. Baada ya milima, mito, mji na vita, tumebakiwa na kichwa cha mtu mmoja. Usambamba umevunjwa pale hasa ambapo mtu yuko peke yake, hana mwenzi wa kuwekwa naye. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu ataandika kwamba usambamba umetumika mara tatu. Aliyefundishwa kusoma atauliza kwa nini umekoma.

Tatizo la mfasiri

Walimu wengi wa kwetu huyapata mashairi haya kwa njia ya Kiingereza au Kifaransa. Ni vema kujua njia hiyo imepita wapi. Mwaka 1915 mshairi Ezra Pound alitoa kitabu chake Cathay, alichokitunga kwa kutumia maandishi ya marehemu Ernest Fenollosa, wakati yeye mwenyewe hajui Kichina. Ndiyo sababu Li Bai (701–762) anatajwa humo kwa jina lake la Kijapani, Rihaku. Mwaka 1919 Pound alichapisha insha ya Fenollosa iliyoshikilia kwamba maandishi ya Kichina ni picha, na kwamba msomaji huona vitu vyenyewe vikitenda. Fikra hiyo ilizaa mashairi mazuri ya Kiingereza, lakini iliacha nyuma imani potofu. Alama nyingi sana za Kichina zina sehemu ionyeshayo sauti, na washairi wa Tang walitunga kwa sikio kabla ya jicho.

Anayesahau sikio hupoteza tamathali nzima nzima. Katika nyimbo za kusini za kabla ya Tang, neno la hariri na neno la kumfikiri mpenzi yana sauti moja, si. Na neno la yungiyungi lalandana na neno la kupenda, lian. Mti wa liu, uoteshwao kando ya maji, walandana kwa sauti na neno la kubaki. Basi watu walipoagana walivunja tawi lake na kumpa msafiri. Tafsiri itakapotaja tawi la mti tu, msomaji ataona mandhari nzuri, wala hatasikia mtu akimwomba mwenzake asiondoke.

Kiswahili nacho kina shida yake, na faida yake. Shida ni kwamba kitenzi chetu hudai nafsi na njeo. Mfasiri wa Du Fu afikapo penye machozi, hana budi kuchagua kati ya ni- ya mshairi na ya- ya maua. Na akisha kuchagua, mabishano ya karne nyingi yamekwisha kwa herufi mbili. Hata hivyo lugha yetu haikosi milango. Kiambishi hu- hakibebi nafsi, ingawa huleta maana ya mazoea, na kwa hiyo hakifai penye tukio la siku moja. Kitenzijina chaweza kufaa zaidi: "kupanda kilima, kutazama njia" hakimtaji atendaye, wala hakisemi ni jana au leo. Na pale ambapo Kiingereza hulazimika kusema kama ni mwanamume au mwanamke, a- yetu husitiri. Haya ni mambo ambayo mwalimu aweza kuyajaribu darasani kwa ubao na chaki tu, na mwanafunzi akajifunza sarufi ya Kiswahili papo hapo anapojifunza ushairi wa Uchina.

Madokezo na kiasi chake

Isidhaniwe kwamba Wachina wenyewe walikubaliana juu ya tamathali zao. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya madokezo, yaani kutaja kwa neno moja au mawili kisa cha kale au maandishi ya waliotangulia. Zhong Rong, aliyeandika Shipin mwanzoni mwa karne ya 6 na kuwapanga washairi zaidi ya 100 katika madaraja matatu, alilalamika kwamba ushairi wa hisia hauhitaji kubebeshwa visa vya vitabuni. Alizishuku pia kanuni za toni, akaona zinawafunga watu miguu. Karne tano baadaye Huang Tingjian (1045–1105) alishika upande wa pili. Alisifu kwamba katika Du Fu hakuna neno lisilo na asili katika maandishi ya zamani, akawahimiza wanafunzi wake wasome sana kabla ya kutunga.

Wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu. Dokezo ni jozi pia: tukio la leo limewekwa kando ya tukio la kale, na mshairi amenyamaza. Likimfanya msomaji aone leo kwa upya, limefanya kazi. Likimlazimisha tu kumstahi mtunzi kwa elimu yake, ni mzigo. Li Bai, kwa mfano, alizijua kanuni zote, lakini mara nyingi alipendelea shairi la mtindo wa kale lisilobanwa sana, kwa kuwa lilifaa mwendo wa fikra zake.

Na historia imetuachia onyo moja. Katika enzi ya Tang utungaji wa mashairi uliingizwa katika mtihani mkuu wa kupata watumishi wa serikali. Watahiniwa walipewa mada na kina, wakatunga jozi safi zisizo na kosa. Mashairi ya mtihani yanayosifiwa hadi leo ni machache mno. Mwaka 1071 waziri Wang Anshi aliuondoa ushairi katika mtihani huo, ingawa ulirudishwa baadaye. Kanuni zile zile zilizomfikisha Du Fu penye barua na dhahabu ziliwafikisha maelfu ya wengine penye alama za kufaulu tu.

Darasani

Yatupasa basi tufanye nini? Hatusemi majina ya tamathali yaachwe. Fundi hutaja vifaa vyake kwa majina, na mwanafunzi asiyejua tofauti ya tashbihi na sitiari hawezi kuongea na wenzake. Tunasema kwamba jina liwe mwanzo wa swali, lisiwe mwisho wake. Baada ya kutaja, mwanafunzi aulizwe mambo matatu: ni vitu gani viwili vilivyowekwa pamoja hapa? Ni jambo gani lililoachwa bila kusemwa kati yake? Na tukikiondoa kimoja, shairi litapungukiwa na nini?

Maswali hayo matatu yanafaa kwa lüshi ya silabi 40, na yanafaa kwa tarbia ya vina viwili na kwa methali ya maneno matatu. Yana ugumu mmoja tu, nao ni kwamba jibu lake haliwezi kukaririwa. Mwalimu atakayeyauliza hana budi kuvumilia kimya cha darasa kwa dakika moja au mbili, asikimbilie kulijibu mwenyewe. Wafafanuzi wa Shijing hawakukivumilia, na ndege wa mtoni wakageuzwa kuwa hotuba ya maadili. Sima Guang alikivumilia, akasikia ndani yake mji mzima usio na watu.